Umemaliza Shule, Daftari Usilitupe

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wakati mvua za kupandia zinakaribia huku kwetu Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Mara tu baada ya hapo madaftari ya shule huanza safari yake. Lile la Kemia linawashia moto jikoni, la Historia linachanwa vipande vya kufungia karanga, la Hisabati linachomekwa darini mpaka panya walione. Kabla hayajaisha yote, tafuta moja lenye kurasa nyeupe kwa nyuma. Lipanguse vumbi, uliweke pamoja na kalamu. Ushauri ninaokuandikia hapa hauhitaji zaidi ya hivyo viwili.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulimishwa bure. Nilikuwa na miaka 17, nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Mtu mmoja alinichukua kupalilia alizeti kwa ngwe. Tukakubaliana bei kwa mdomo, akapima ngwe ya kwanza kwa hatua zake, nikaingia kazini. Siku zilizofuata akawa anakuja na kamba, na kila siku kamba ilikuwa ndefu kuliko jana. Mwisho wa wiki nilihesabu ngwe kumi na moja, yeye akahesabu nane. Sikuwa na karatasi wala shahidi, na tarehe za kazi nilizikumbuka nusu nusu. Nilikuwa nimekaa shule miaka 11 nikijua kutafuta kipeuo cha pili, lakini sikujua kuandika ngwe zangu. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo ni mali.

Kwanza, una miaka mingapi?

Ukienda kuomba kazi, mwenye kazi atakuuliza umeishia darasa la ngapi. Sheria inaanza na swali jingine, nalo ni umri wako. Wengi waliomaliza darasa la saba wana miaka 13 au 14, na waliomaliza kidato cha nne wana 17 au 18. Tofauti hiyo ya miaka michache inabadilisha kila kitu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Akishafikisha 14 anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi tu, yaani isiyodhuru afya wala makuzi yake, na isiyomzuia kuhudhuria masomo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza kwamba kila aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto. Mtoto hafanyishwi kazi zaidi ya saa sita kwa siku, wala usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Malipo yake yalingane na kazi aliyoifanya, asipewe "ya soda" kwa kuwa ni mdogo.

Halafu kuna kazi ambazo sheria hiyo imezitaja kuwa ni hatari kwa aliye chini ya miaka 18: kazi za baharini, machimbo ya madini na mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vinavyotengeneza au kutumia kemikali, mahali penye mashine, na kazi za baa, hoteli na kumbi za starehe. Mwajiri anayekiuka masharti ya ajira ya watoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukisikia mtu anakwambia "kwetu hatuangalii umri", jua anayejiweka hatarini mbele ya sheria ni yeye, lakini atakayeumia mwili ni wewe.

Kwa hiyo usijiongezee miaka. Najua vijana wanafanya hivyo ili wachukuliwe. Siku jiwe likikuangukia, karatasi itasema wewe ni mtu mzima uliyeingia kwa hiari yako, na kuithibitisha kweli itakuwa kazi nyingine. Kama huna cheti cha kuzaliwa, anza kukifuatilia RITA sasa, wakati una nafasi. Ukifikisha miaka 18 jiandikishe NIDA kwa ajili ya kitambulisho cha taifa siku ya kwanza unayoweza, maana bila namba ya NIDA milango mingi ya kazi rasmi haifunguki. Hata ule mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi serikalini unaidai.

Na kwa uliyemaliza darasa la saba: kama jina lako limetoka kwenda kidato cha kwanza, nenda. Shule za serikali hazitozi ada ya sekondari ya chini tangu mwaka 2016. Kazi ya palizi itakusubiri, itakuwepo hata ukiwa na miaka 30. Nafasi ya darasani haikusubiri.

Kazi zilizopo mlangoni

Kijana wa Mungaa huwa anaambiwa hakuna kazi kijijini. Kazi zipo, ila ni za msimu na hazina bango. Januari na Februari kuna palizi. Mei na Juni kuna kuvuna na kupura alizeti, kisha mtama na uwele. Mashine za kukamua mafuta zinahitaji watu wa kupakia na kushusha magunia. Wapo wanaofyatua tofali, wanaochunga, wanaouza duka la mtu, wanaozungukia vijiji kukusanya kuku wa kienyeji wa kupelekwa mjini. Singida inajulikana kwa alizeti, kuku na asali, na kila kimoja kina mikono mingi kabla hakijafika sokoni.

Kazi ya ngwe ni mkataba kamili. Sheria inautambua mkataba wa kazi maalumu, yaani unalipwa kazi ikiisha na si kwa mwezi. Kasoro yake ni kipimo. Kabla ya jembe kugusa ardhi, pimeni ngwe moja pamoja, kwa kamba moja, na hiyo kamba ikae kwa mtu wa tatu au ifungwe fundo mbele yenu wote. Andika kwenye daftari: ngwe ni hatua ngapi kwa ngapi, bei ya ngwe moja, na siku ya kulipwa. Kila jioni andika ngwe ulizomaliza, kisha mwoneshe mwenye shamba aweke sahihi au hata alama. Akikataa kuweka sahihi siku ya kwanza, umejua mapema na umepoteza siku moja tu.

Kwenye mashine za alizeti, kama hujafikisha miaka 18, usikae karibu na mkanda. Ule mkanda unaozungusha mashine haujui kama umevaa shati la kubana au pana. Mtoto anaweza kupanga chupa au kushona magunia nje. Ndani kwenye mtambo si mahali pake, na magunia ya mbegu si mzigo wake.

Bodaboda nayo inavutia, maana pesa yake inaonekana siku hiyo hiyo. Wengi huanza kwa ule mpango wa kupewa pikipiki na kupeleka hesabu kila siku mpaka deni liishe, kisha pikipiki iwe yako. Jua kwamba hapo hujaajiriwa. Umeingia mkataba wa kununua kwa jasho. Uliza mambo manne na uyaandike: hesabu ya siku ni kiasi gani, jumla ya kulipa ni kiasi gani, pikipiki ikiharibika siku za gereji zinahesabiwaje, na kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini. Nimewaona vijana waliopeleka hesabu kwa miezi kumi na moja, mwenye pikipiki akaichukua kwa kisingizio cha siku tatu walizougua. Na bila leseni usiwashe kabisa. Ukigonga mtu huna pa kusimama.

Machimboni

Wilaya ya Ikungi ina dhahabu, na jina la Sambaru linajulikana kwa kila kijana aliyekaa kijiweni. Upande wa Mang'onyi kuna mgodi mkubwa wa kampuni ya Shanta, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2023, na pembeni kuna wachimbaji wadogo wenye maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia. Habari zinazorudi Mungaa ni za yule aliyerudi na pikipiki mpya. Waliorudi na kikohozi hawasimuliwi.

Chini ya miaka 18, jibu ni hapana, iwe kushuka duarani, kuvunja mawe, kukaa kwenye karasha ya kusaga mawe au kuosha kwa zebaki. Hakuna kazi nyepesi mgodini kwa mtoto. Zebaki haiumi ukiishika, na ndiyo hatari yake: moshi wake unapochomwa unaingia mwilini na kudhuru mishipa ya fahamu bila kuacha kidonda cha kukutisha.

Kama umeshafikisha 18 na umeamua kwenda, uliza kwanza mwenye leseni ya eneo ni nani. Kwenye maduara malipo mara nyingi huwa mgao wa mifuko ya mawe, kwa hiyo msipovuna, mmekula ugali wa tajiri na kuondoka mikono mitupu. Yaandike makubaliano ya mgao kabla ya kushuka: mifuko mingapi ya nani, chakula na baruti vinakatwa kwa nani, na ukiumia nani anakupeleka hospitali. Mgodi mkubwa ni habari nyingine. Huko kuna mkataba, vifaa vya kujikinga na mshahara wa mwezi, na nafasi za kazi zisizohitaji cheti hutangazwa vijijini kupitia ofisi za watendaji. Fuatilia huko. Usimpe mtu pesa ili "akuingize".

Kabla hujapanda basi

Wasichana wengi wa Singida huondoka kijijini kwenda kuwa dada wa kazi Dodoma, Arusha na Dar es Salaam. Huwa anakuja mama mmoja, pengine ni jirani au ndugu wa mbali, anasema kuna familia nzuri inatafuta binti mwenye adabu. Nauli imeshalipwa. Basi ni kesho alfajiri.

Mwanangu, usipande basi hilo kesho. Panda keshokutwa, baada ya mambo matano kujibiwa na kuandikwa: jina kamili la mwajiri na namba yake ya simu, mtaa na wilaya anakokaa, idadi ya watoto na watu wa kuhudumia, mshahara na tarehe ya kulipwa, na siku ya kupumzika. Mpigie huyo mwajiri mwenyewe, mzazi wako akiwa pembeni anasikia. Kisha nakala moja ya maandishi ibaki kwa mzazi na nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Mwajiri mwema hataona shida yoyote. Anayesema "mbona mnanifanya kama mwizi" amekusaidia kuamua.

Lipo neno moja la kisheria ambalo nataka kila binti wa Mungaa alijue, nalo ni mahali ulipochukuliwa. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na mojawapo ya maelezo hayo ni mahali alipokupata. Watu huliruka kana kwamba ni la kujazia fomu. Lina uzito, kwa sababu sheria hiyo hiyo inasema ajira ikivunjika mahali pengine, mwajiri anapaswa kukurudisha wewe na mizigo yako ulipochukuliwa, au kukulipia usafiri, au kukupa posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na hapo. Na haijalishi kama alikuja mwenyewe au alimtuma dalali. Basi mkataba wako ukiandikwa "Dar es Salaam", siku ukifukuzwa utabaki stendi na begi lako. Ukiandikwa "Mungaa, Wilaya ya Ikungi", nauli ya kurudi nyumbani ni deni lake. Neno moja linatosha kukurudisha kwa mama yako.

Sasa hesabu saa. Dada wa kazi anaamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto wa shule, analala saa 4 usiku vyombo vikishaoshwa. Hizo ni saa 17. Hata ukitoa saa za kupumzika mchana, aliye na miaka 15 hawezi kufanya kazi hiyo ndani ya saa sita za sheria, na alfajiri na usiku ule hauruhusiwi. Kwa hiyo mzazi anayempeleka binti wa miaka 15 akalale kwa mwajiri, hata kwa nia njema, anampeleka kwenye kazi ambayo sheria imeikataa. Asubiri, au apate kazi ya mchana karibu na nyumbani.

Kwa wale wanaoambiwa habari za Oman na nchi nyingine za Ghuba: usafiri wa namna hiyo hupitia wakala mwenye leseni na mkataba ulioandikwa, unaothibitishwa na ubalozi wetu kule. Anayekwambia uvuke mpaka kimyakimya, au uongeze umri kwenye pasi, anakuuza.

Ukurasa wa kwanza wa daftari

Sheria inamtaka mwajiri, siku unapoanza kazi, akupe maandishi yenye jina lako, umri, anuani na jinsia yako, mahali ulipochukuliwa, kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara, namna unavyokokotolewa na marupurupu mengine. Kama huelewi kilichoandikwa, ni wajibu wake kukueleza kwa namna utakayoelewa. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Piga mstari kwenye nafasi hizo kwanza.

Hapa pana jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Kesi ikifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Kutokuandika kwake hakumnufaishi. Lakini masharti hayo ya maandishi hayamgusi mtu anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, na vibarua wengi wa Mungaa ni wa siku mbili tatu. Hao kinga yao ni lile daftari. Ukurasa mmoja kwa kila tajiri: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi, malipo mliyokubaliana, ulichopokea, na jina la aliyekuwa akifanya kazi pembeni yako. Ujumbe wa simu nao usiufute. Tajiri akikutumia "njoo kesho tumalizie, nitakulipa elfu ishirini", huo ni ushahidi.

Saa, mshahara na makato

Kwa aliyefikisha miaka 18, saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu za kitaifa hulipwa mara mbili. Ukifikisha mwaka kazini una likizo ya siku 28 yenye malipo.

Kima cha chini cha mshahara hupangwa kisekta kwa amri ya waziri. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na 140,000 kwa sekta ya kilimo. Amri mpya imeanza kutumika Januari 1, 2026, na wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Kiwango cha sasa cha kazi yako kiulize kwa Afisa Kazi wa mkoa, pale Singida mjini. Ila ukiahidiwa 30,000 kwa mwezi, huhitaji kumuuliza mtu: hata ile amri ya zamani haikuiruhusu.

Kuhusu makato, mwajiri hana ruhusa ya kukata tu kwa sababu sahani imevunjika au duka limepungukiwa. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akujulishe kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na ukubali kwa maandishi kulipa. Hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara. Na "majaribio" hayana maana ya bure. Ukifanyishwa kazi mwezi mzima wa majaribio, mwezi huo unalipwa.

Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo na uandike kwenye daftari. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia peke yake. Akikwambia anakukata mshahara kwa ajili ya WCF, anakudanganya. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndiyo mnayochangia wote wawili, na sehemu yako haizidi asilimia 10.

Ukidhulumiwa

Anza kwa maneno, na shahidi awepo. Ukishindwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji au kata, kwani madai madogo ya ngwe na tofali mengi yanaishia hapo. Yasipoisha, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kama CMA, pamoja na ofisi ya kazi ya mkoa. Unajaza fomu ya kwanza ya madai, unampa mwajiri nakala, mnaitwa kusuluhishwa. Huhitaji kuwa na wakili, na anayekwambia kuna hela ya kufungulia jalada mwogope.

Siku ndizo zinazowaangusha watu. Kama umeachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka madai. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Wengi hukaa nyumbani miezi minne wakisubiri bosi apokee simu, na wakifika wanaambiwa muda umepita. Bosi asipopokea simu kwa wiki mbili, ujumbe wake umeshaupata. Fahamu pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo halali, ila mshahara wa siku alizofanya bado ni haki yake.

Kwa walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aende pamoja nao. Kama kuna kupigwa, kufungiwa ndani au kushikwashikwa, hilo si suala la mshahara tena. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Iandike kwenye jalada la daftari na kwenye kiganja cha binti anayesafiri.

Kibarua kisiwe mwisho

Kibarua kinalisha, hakikuzi. Tangu siku ya kwanza ya kazi, weka jicho kwenye ujuzi. Chuo cha ufundi cha VETA Singida kinapokea hata waliomaliza darasa la saba katika fani kama umeme, ufundi magari, useremala na ushonaji. Kama mfuko hauruhusu kukaa chuoni, kaa kwa fundi, lakini kwa makubaliano ya maandishi kati ya fundi na mzazi: utafundishwa nini, kwa muda gani, utakula wapi. Sheria ya Mtoto inaruhusu uanagenzi kuanzia miaka 14. Fundi anayekutuma maji na sigara mwaka mzima hajakufundisha kitu, amepata mtumishi.

Na kama umeshajifunza kazi mtaani bila cheti, serikali ina mpango wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA: unapimwa kwa kazi ya mikono yako na kupewa cheti. Saidia fundi aliyejenga nyumba ishirini hana sababu ya kuitwa hana elimu. Hapo tena daftari linakusaidia, kwa kuwa lina orodha ya kazi ulizofanya na watu wa kukushuhudia.

Mkiwa kikundi na mmefikisha miaka 18, ulizeni Halmashauri ya Ikungi kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 4 ni ya vijana, na haina riba. Kikundi kinachoingia na daftari la mapato na matumizi ya kuku wake hakihitaji maneno mengi ya kujieleza.

Neno kwa mzazi

Baba na mama, kijana akileta shilingi elfu kumi ya kwanza nyumbani, msiichukue yote. Mwachieni ya kwake, hata kidogo, aione faida ya jasho, asije akaitafuta kwa njia nyingine. Na kabla hamjamruhusu kuondoka na mtu, ulizeni maswali yale yale mnayouliza mtu anapokuja kununua ng'ombe: unatoka wapi, nani anakujua, utalipa lini. Haipendezi ng'ombe aondoke zizini kwa maandishi na mashahidi, halafu binti aondoke kwa ahadi ya simu.

Nawe kijana, leo jioni chukua lile daftari. Ukurasa wa kwanza andika jina lako kamili, tarehe yako ya kuzaliwa, na mahali unapotoka: Mungaa, Ikungi, Singida. Ukurasa wa pili uache wazi kwa ajili ya mtu wa kwanza atakayekupa kazi, na kabla hujashika jembe lake, mpe kalamu.